Mbegu Isiyo na Jina Isiingie Ukumbini

Tarehe 27 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Machakos ilitoa hukumu katika kesi iliyokuwa imefunguliwa mwaka 2022. Wakulima wadogo 15 walikuwa wamepinga vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomhesabu kuwa mhalifu mtu anayeuza, au hata kubadilishana na mwenzake, mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuthibitishwa. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na katiba. Bibi wa Gilgil anayempimia jirani kikombe cha njahi akapande hana tena sababu ya kuangalia kama kuna mtu mlangoni.

Ukweli ni kwamba bibi huyo hakuwahi kuacha. Mwaka 2016 watafiti Shawn McGuire na Louise Sperling walichapisha uchambuzi wa rekodi 9,660 zinazoonyesha wakulima wadogo wanapata wapi mbegu zao, katika nchi sita zikiwemo Kenya, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zaidi ya asilimia 90 ya mbegu hizo zilitoka nje ya mfumo rasmi: ghalani mwa mkulima mwenyewe, kwa ndugu na majirani, na zaidi kuliko kote, gulioni. Maduka ya pembejeo yalitoa sehemu ndogo mno. Sheria ilikuwa inakataza kitu ambacho karibu kila kaya ya vijijini inakifanya kabla ya mvua.

Kama watu tayari wanapeana, kwa nini basi kuna haja ya kutenga siku nzima ya kubadilishana mbegu, kufunga turubai na kupika chai ya watu mia? Kwa sababu mbegu za kupeana nyumba kwa nyumba huzunguka palepale. Mama humpa binti yake aliyeolewa kijiji cha pili, shemeji humpa shemeji, wanachama wa kikoba kimoja hupeana wao kwa wao. Ukame ukipiga bonde zima, ukoo wote hubaki mikono mitupu kwa wakati mmoja. Siku ya kubadilishana mbegu inawakutanisha watu wasiojuana, na hapo ndipo faida na hatari yake vinapokaa pamoja. Jirani akikupa kunde, shamba lake unalijua, umeziona kunde zenyewe zikitambaa, na huenda umewahi kuzila kwake. Mtu wa tarafa nyingine akikupa, hujui lolote. Hujui zinakomaa lini, hujui zilivunwa mwaka gani, hujui kama shamba zilikotoka lina gugu la kiduha. Waandaaji wengi hufikiri kazi yao ni kupanga meza na viti. Kazi yao hasa ni kuhakikisha kwamba mgeni anaondoka akiijua mbegu kama jirani angeijua, na shughuli yoyote isiyosaidia hilo inaweza kuondolewa kwenye ratiba bila hasara.

Desturi ya kutenga siku maalumu si ngeni. Tharaka, katika nyanda kame za mashariki ya Mlima Kenya, maonesho ya mbegu yalianza katikati ya miaka ya 1990, wakulima wakileta mtama, uwele, kunde na mbaazi za aina nyingi kuonyeshana na kupeana. Upande wa pili wa dunia, mjini Vancouver, Kanada, siku ya namna hiyo ilianza mwaka 1990. Sharon Rempel, aliyekuwa akitafuta kwa shida ngano na mboga za zamani za kupanda kwenye bustani ya kinu cha kihistoria, aliona ni rahisi zaidi kuwaita wenye mbegu mahali pamoja kuliko kuwafuata mmoja mmoja. Sasa siku za aina hiyo hufanyika katika miji mingi ya Kanada na Uingereza. Huko, wengi wanaokuja ni watu wa bustani ndogo za nyuma ya nyumba, na mbegu ikishindwa kuota wanacheka na kununua mboga dukani. Kwa mkulima wa Tharaka au Kongwa, mbegu ikishindwa kuota ni msimu umekwenda. Kwa hiyo mambo mazuri yanayoweza kunakiliwa kutoka kwa wenzetu wa mijini lazima yaongezewe ukali kidogo.

La kwanza ni tarehe. Kwenye maeneo yenye misimu miwili ya mvua, siku nzuri huangukia kati ya wiki tatu na tano kabla ya mvua: Februari kwa masika, Septemba kwa vuli. Mbeya, Iringa, Dodoma na Ruvuma, ambako mvua ni moja kuanzia Novemba au Desemba, Oktoba inafaa. Ukiwahi sana, mbegu zitakaa kwa watu wasiozoea kuzihifadhi na dumuzi atazitangulia. Ukichelewa, kila mtu atakuwa ameshanunua au ameshapanda, na watakaokuja watakuja kwa ajili ya pilau.

Lakini tangazo la kwanza lisisubiri mwezi huo. Litoke mazao yakiwa bado shambani, kwenye redio ya jamii, msikitini, kanisani na kwenye makundi ya simu. Sababu ni ya kitaalamu. Mkulima anayesikia habari za maonesho wiki moja kabla ataingia ghalani na kuchagua magunzi makubwa, au atachota maharage kutoka gunia la chakula. Anayesikia mapema atachagua mmea. Atafunga kitambaa kwenye mahindi yaliyosimama imara katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani mwenye aina nyingine, yasiyo na dalili ya ugonjwa, yaliyokomaa kwa wakati unaotakiwa. Gunzi kubwa linaweza kuwa limetoka kwenye mmea uliobahatika kuota karibu na samadi, na bahati hiyo hairithiwi.

Siku yenyewe ianze na ardhi. Huko Nepal, wataalamu wanaofanya kazi na wakulima wadogo wamezoea zoezi moja lisilohitaji karatasi wala umeme. Mtu anachora msalaba mkubwa ardhini kwa fimbo na kupata vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni cha mazao yanayolimwa na kaya nyingi kwenye maeneo makubwa, cha pili ni cha yale ya kaya nyingi kwenye vieneo vidogo, cha tatu ni cha yale ya kaya chache kwenye maeneo makubwa, na cha nne ni cha yale ya kaya chache kwenye vieneo vidogo. Kisha washiriki wanaweka punje za kila aina kwenye chumba chake, wakibishana. Ubishi ndio utamu wake. Mahindi meupe yataanguka chumba cha kwanza bila mjadala, na mchicha au bamia chumba cha pili. Halafu mzee mmoja ataweka njugu mawe chumba cha nne, mwingine atamwambia zimekwisha kijijini, na mama aliyekaa nyuma atainua mkono kusema anazo kikombe kimoja. Katika nusu saa kamati inajua ni mbegu ipi inayoweza kupotea kesho na iko kwa nani. Hakuna hotuba inayoweza kutoa taarifa hiyo.

Pembeni ya mchoro huo uwekwe ubao wa mbegu zinazotafutwa. Wazee wataje majina ya mazao waliyolima ujanani na ambayo hawayaoni tena: aina ya ulezi, mtama wa kichwa kilichoinama, maboga ya ngozi ngumu yaliyokaa hadi msimu mwingine. Mara nyingine mbegu iliyotangazwa kufa kijiji kimoja inaliwa kila jioni kijiji cha pili kwa jina jingine. Kama haipo popote, bado kuna mlango wa mwisho. Kenya ina benki ya taifa ya mbegu Muguga, karibu na Nairobi, na Tanzania ina kituo chake cha rasilimali za vinasaba vya mimea Arusha. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuandika barua, kupitia afisa ugani, kuuliza kama sampuli ya aina iliyokusanywa zamani katika wilaya yao ingali imehifadhiwa.

Meza ya mapokezi ndiyo moyo wa mpango mzima, na ndiyo ambayo waandaaji huiacha kwa vijana wawili wasio na kalamu. Iwe na watu wasiopungua wanne, angalau mmoja akiwa mkulima mzoefu na mmoja akiwa mwandishi mzuri wa hati inayosomeka. Kila furushi linaloingia lipate kadi: jina la mbegu kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, kijiji ilikovunwa, mwezi na mwaka, miezi ya kukomaa, matumizi yake jikoni, na jina la aliyeileta. Kwa mahindi, uwele na maboga liongezwe swali moja: shamba la jirani lilikuwa na nini? Mimea hiyo huchavushana ovyo, chavua ikisafirishwa na upepo au nyuki, kwa hiyo mahindi ya njano yaliyopandwa hatua chache kutoka kwa meupe hayawezi kuahidi rangi. Maharage, kunde, nyanya na ulezi hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, na mwenye nayo anaweza kuamini kwamba alichopanda ndicho atakachovuna.

Furushi lisilo na maelezo lisirudishwe kwa ukali, lakini lisiende kwenye meza ya mbegu. Liende kwenye chungu cha chakula.

Vifungashio viwe bahasha za kaki au karatasi iliyokunjwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na kwa mbegu marufuku hiyo ni neema, kwani mbegu isiyokauka vizuri hutoa jasho ndani ya nailoni na kuota ukungu kabla haijafika nyumbani.

Sasa kipimo. Hapa ndipo siku nyingi za mbegu hukosea kwa nia njema, kwa kugawa kila kitu kijiko kimoja kimoja ili wote wapate. Maharage yanavumilia: punje ishirini zikiota zinatosha kuanzisha ukoo mpya usio na kasoro, maana kila mmea unajitosheleza. Mahindi hayako hivyo. Ukipanda mashina kumi tu na kuhifadhi mbegu zake mwaka baada ya mwaka, yanazaana ndugu kwa ndugu na kudhoofika: mashina mafupi, magunzi yenye mapengo. Wataalamu hupendekeza mashina 100 hadi 200 ili aina ya mahindi ibaki na afya. Robo kilo ya mahindi ina punje zipatazo 600 hadi 800, hivyo ni bora watu kumi waondoke na robo kilo kuliko watu hamsini kuondoka na konzi moja. Mchicha ni kinyume kabisa, kwani gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu moja, na kifuniko cha soda kilichojaa kinatosha familia na majirani zake. Kamati iandike vipimo hivi ukutani mapema, la sivyo watu watagombana.

Na wasio na kitu cha kuleta? Kila siku ya mbegu huwa na kijana aliyerudi kutoka mjini, mjane aliyepoteza ghala kwa moto, au mpangaji mwenye vigunia vitatu vya udongo kibarazani. Wakifungiwa nje, siku inakuwa karamu ya waliokwisha kujaliwa. Benki nyingi za mbegu za jamii hutumia utaratibu wa mkopo, ambapo aliyechukua kilo moja hurudisha mbili baada ya mavuno. Utaratibu huo unafaa hapa pia. Anayeleta mbegu apewe vikuponi sawa na mafurushi yake. Asiyeleta apewe kuponi moja na jina lake liandikwe kwenye daftari la wadaiwa.

Suala la chotara litazuka tu. Mtu ataleta mahindi aliyoyavuna kutokana na mbegu za dukani, akisifu mavuno yake. Mbegu chotara hutokana na kukutanisha wazazi waliochaguliwa kwa makusudi, na nguvu yake iko kwenye kizazi cha kwanza. Watoto wake hutawanyika, wengine warefu, wengine wafupi, na mavuno hushuka. Kwa hiyo kadi ieleze wazi, na aliyeyaleta asiaibishwe. Wasemaji wengine hulitumia jukwaa kama hili kuwalaani watu wa maduka, jambo ambalo si haki wala si historia. Chotara maarufu H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilipatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi ya wakulima wa Ecuador yaliyojulikana kwa namba Ecuador 573. Wakulima wa Rift Valley walipata magunia yao kwa sababu wakulima wa Amerika ya Kusini, wasiojulikana majina, walikuwa wametunza mbegu. Hata pakiti ya dukani ina babu yake aliyewahi kukaa kwenye kibuyu cha mtu.

Kuna vitu ambavyo havina budi kuzuiwa getini, hata vikiletwa na mwenyekiti wa kijiji. Machipukizi ya migomba ni ya kwanza. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa Uganda mwaka 2001, baadaye ukavuka hadi Kagera, na husafiri kwa machipukizi, mapanga na hata nyuki. Chipukizi linaloonekana zuri linaweza kuwa na ugonjwa ndani. Pingili za mihogo nazo hubeba batobato na michirizi ya kahawia, na huu wa pili ni msaliti kwani majani yanaweza kuonekana salama huku mizizi ikioza. Marando ya viazi vitamu vivyo hivyo. Mazao haya yana njia yake: vitalu vilivyokaguliwa. Kamati inayotaka kuyaingiza imwite mkaguzi mapema, na kama hapatikani, iandike majina ya wanaoyahitaji na kupanga siku ya kuyafuata kitaluni.

Mtama na mahindi kutoka mashamba yenye kiduha yachekechwe kwa makini au yakataliwe. Mmea mmoja wa kiduha hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, zinazoweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa nafaka. Mgeni aliyekuja kutafuta mtama mwekundu hastahili kurudi na deni hilo. Na mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au kijani, ziwe na meza yake mbali na watoto na mbali kabisa na jiko.

Baada ya geti linakuja jambo ambalo watu hulipenda wakishaliona: kuipima mbegu hadharani. Kipimo cha kuota kinahitaji siku tano hadi saba, kwa hiyo hakiwezi kuanza siku ya tukio. Shule ya msingi ya jirani ndiyo mahali pake. Wiki moja kabla, wanafunzi wahesabu punje 100 za kila aina iliyokwisha kuwasilishwa, wazipange kwenye kitambaa chenye unyevu, wakizungushe na kukiweka penye joto la kawaida. Siku ya maonesho wakifunue mbele ya watu na kuhesabu. Asilimia, ambazo darasani zilikuwa adhabu, zinapata maana: 92 zimeota, panda kama kawaida, 60 zimeota, ongeza punje shimoni, 20 zimeota, hiyo ni historia, kaipike. Mbegu za vitunguu mara nyingi huanguka hapa, kwani hupoteza uhai baada ya mwaka mmoja au miwili hata zikitunzwa vizuri, ilhali nyanya huweza kukaa miaka kadhaa.

Kipimo cha unyevu hufanyika papo hapo. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia vijiko kadhaa vya chumvi kavu, ongeza nafaka hadi theluthi ya chupa, funga na utikise, kisha subiri dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na nafaka hiyo irudi juani. Msimamizi wa meza hii awaeleze watu kanuni ambayo wanasayansi wa mbegu huitumia: kila unyevu unapopungua kwa asilimia moja, umri wa mbegu huongezeka karibu mara mbili. Mababu waliotundika magunzi darini juu ya moshi wa jiko, au waliojaza vibuyu na kuvifunga kwa kinyesi cha ng'ombe, walikuwa wakiitii kanuni hiyo bila chumvi wala chupa. Mzee au mama anayejua kufunga kibuyu hivyo apewe meza yake, na wataalamu wa mifuko isiyopitisha hewa wakae jirani naye. Wataulizana mengi.

Jiko nalo ni kituo cha elimu, ingawa ratiba nyingi huliita chakula cha mchana. Mtu hapandi maharage ambayo familia yake haitayala. Pikeni aina nne au tano katika sufuria zilizo sawa, maji sawa, moto sawa, na mtu mmoja akiwa na saa. Andikeni dakika ambazo kila aina imetumia kuiva, kwa sababu kuni na mkaa ni fedha, na aina inayoiva upesi ina thamani hata ikizaa kidogo. Kisha watu waonje bila kuambiwa majina. Kablanketi ina mashabiki wake Nyanda za Juu Kusini, rosecoco na mwitemania zina wao Kenya, na kura ya kijiko huwa na mshangao. Kadi za mbegu zipandishwe hadhi kwa matokeo hayo: dakika za kuiva na alama za ladha.

Wakati sufuria zinachemka, wazee hawatakosa kazi kama kuna bao. Kete 64 za komwe ni mbegu zenyewe, na mchezo huo huwafanya wanaume waliokuja "kuangalia tu" wakae na kuzungumza. Watoto wafungue mashindano yao ya kutambua mbegu wakiwa wamefungwa macho, kwa kugusa na kunusa: giligilani, ufuta, choroko, mbaazi. Anayeshinda apewe jembe dogo au haki ya kuchagua bahasha ya kwanza. Zawadi ya watu wazima ndiyo inayohitaji kufikiriwa. Ikitolewa kwa gunzi kubwa kuliko yote, mwaka unaofuata meza zitajaa chotara. Itolewe kwa kaya iliyoleta aina nyingi zaidi zilizo na kadi kamili, na mara nyingi mshindi atakuwa mama ambaye hakuna aliyejua jina lake.

Akina mama hao ndio pia wapangiwe saa. Wengi huchota maji na kukamua alfajiri, na lazima wawe nyumbani kabla ya jioni. Saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana inawafaa. Na hapo panaingia tatizo la mgeni rasmi. Kila anayeijua mikutano ya kwetu anajua jinsi watu mia mbili wanavyoweza kukaa juani hadi saa saba wakimngoja mheshimiwa, kisha kubadilishana kukafanyika kwa dakika ishirini huku viti vikikusanywa. Mbegu nazo zinachomwa na jua hilohilo. Dawa yake ni ya kiratiba: kubadilishana kuanze saa nne kamili, awepo asiwepo, na yeye akifika azungushwe mezani, aulize maswali, apewe bahasha na kadi yake kama mtu mwingine. Meza zote ziwe kivulini, darasani au chini ya miembe. Wapo viongozi wanaofurahia zaidi namna hii kuliko kusoma hotuba.

Nusu saa itengwe kwa sheria, izungumzwe na mtu anayeijua. Kenya, mada ni hukumu ya Machakos na mipaka yake: inawalinda wakulima wanaotunza na kupeana mbegu zao, haimruhusu tapeli kupaka rangi mahindi ya sokoni na kuyauza kama mbegu zilizothibitishwa. Mashirika kama Seed Savers Network la Gilgil, lililoanza mwaka 2009 kuwafundisha wakulima kutunza mbegu, yana uzoefu wa kuieleza. Tanzania, Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inasimamia biashara ya mbegu chini ya taasisi ya TOSCI yenye makao makuu Morogoro, na ipo ngazi ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambayo huwawezesha wakulima waliofundishwa na kukaguliwa kuzalisha na kuuza ndani ya eneo lililowekwa. Kikundi kinachoona kunde zake zinagombaniwa kila msimu kina njia halali ya kugeuza sifa hiyo kuwa kipato. Hadi hapo, meza ya kubadilishana isigeuke meza ya kuuzia.

Jioni, turubai likishushwa, kazi ya daftari ndiyo inaanza. Kila bahasha iliyotoka ina namba, na kila namba ina nyumba. Mazao yakitoa maua, watu watatu au wanne wa kamati wazungukie mashamba hayo, hata yakiwa machache tu, wakiwa pamoja na aliyetoa mbegu kama anaweza kusafiri. Ni hapo atakapomwambia aliyempa, "Mwanangu, hii umeibana mno, inataka nafasi," au atakapoona kwamba mtama wake unafanya vizuri zaidi kwenye udongo wa mwenzake. Mbegu za chumba cha nne zifuatiliwe kwa namna ya pekee, na kila moja iwekwe kwa kaya tatu zilizo mbali mbali, ili moto, mafuriko au dumuzi wa nyumba moja wasiimalize.

Wadaiwa wengine hawatarudisha. Mvua itakatika, mbuzi wataingia shambani, au njaa itawashinda na mbegu italiwa. Kamati iandike sababu hizo kwenye safu yake ya daftari badala ya kuwafuta watu. Baada ya misimu mitatu safu hiyo itaonyesha ni aina gani zinazokufa mvua ikikatika na zipi zinazosimama, na orodha ya wa kualikwa na mbegu za kutafutwa kwa siku inayofuata itapangwa kutoka humo.